Mavi ya alumini: shajara ya mradi wetu wa Vingunguti, Dar es Salaam

12 Januari

Pipa la kwanza limefika leo, kilo 184 kwenye mizani tuliyoazima kwa muuza mkaa. Mafundi wanayaita mavi ya alumini, kama wahunzi wa zamani walivyosema mavi ya chuma, nami sioni haja ya kuyatafutia jina la heshima. Ni yale masazo ya kijivu yanayoelea juu ya alumini iliyoyeyuka. Fundi huyaengua kwa upawa kabla ya kumimina kwenye kalibu ya sufuria, huyamwaga pembeni, na yakishapoa hubaki lundo. Lundo likizidi linakwenda kuziba shimo la barabarani, au linatupwa usiku bondeni, kwenye mto Msimbazi.

Kila kiwanda kidogo tulichopita kina lundo lake. Wanayeyusha vichwa vya injini, rimu, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka, makopo ya soda. Babu anayalaani sana makopo: membamba, yamepakwa rangi, nusu yake inaungua kabla haijayeyuka. (Babu ndiye fundi wetu wa kalibu. Hana mjukuu hata mmoja, ila jina limeshamganda.) Tuko wanne: Babu, dada anayeshika daftari la fedha, kijana wa kazi za nguvu, na mimi niliyesomea ufundi wa maabara nikaishia kuuza vipuri vya pikipiki miaka sita.

Wazo letu ni jepesi. Alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksaidi. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda sufuria isiliwe na kutu, lakini ndani ya chungu cha moto inageuka kero, kwa sababu inayafunga matone ya metali yasiungane na wenzao. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, oksaidi yake inahitaji zaidi ya 2,000, kwa hiyo tanuri za huku haziwezi kuigusa. Fundi akiengua ngozi, anaengua na matone. Ndani ya pipa hili kuna metali nzuri imefungwa kama njugu kwenye ganda, na mwenye pipa ametuuzia kwa bei ya kifusi.

16 Januari

Tumeanza na kinu na mchi, vilevile vya kutwangia mahindi. Kijana alicheka, lakini kanuni ndiyo hiyo. Oksaidi ni ngumu ila ina ukavu wa gae, ukiipiga inavunjika. Alumini ni laini, ukiipiga inabonyea tu na kuwa kisahani. Ukishatwanga ukachekecha, unga unapita chini na metali inabaki juu. Tumekubaliana kuziita chenga na unga.

Hesabu ya pipa zima: chenga kilo 61, unga kilo 118, misumari, skrubu na vipande vya chuma kilo 5, tulivyovitoa kwa sumaku ya spika mbovu.

Vumbi lake ni baya. Jioni nilipenga kamasi za kijivu. Kuanzia kesho hakuna kutwanga bila barakoa, na hakuna sigara wala jiko karibu na chekecheo. Vumbi laini la alumini likitanda hewani linalipuka likipata cheche, na mlango wetu ni mmoja tu.

25 Januari

Nilitaka kujua metali iliyobaki ndani ya unga ni kiasi gani, na kipimo cha maabara kubwa hatuna fedha yake. Tumetumia njia ya kizamani. Unatia gramu moja ya unga kwenye kostiki soda. Metali inaliwa na kutoa haidrojeni, oksaidi iliyoungua inatulia tu. Gesi unaiongoza kwa mrija hadi kwenye chupa iliyojaa maji, imepinduliwa ndani ya beseni, kisha unasoma imesukuma maji kiasi gani. Kwa joto la Dar, gramu moja ya alumini tupu ingetoa karibu lita 1.4. Unga wetu umetoa mililita 210. Maana yake asilimia 15 ya unga bado ni metali, laini kiasi cha kupita kwenye tundu za chekecheo.

Nimerudia mara tatu, uani, mbali na moto, miwani machoni. Karibu kilo 18 za alumini zimejificha kwenye unga tulioupanga ukutani kama saruji. Dada akauliza, "Sasa hizo tunazitoaje?" Sikuwa na jibu. Nikaandika namba kwenye daftari, tukafunga.

3 Februari

Kuyeyusha chenga. Ukizitupa kavu kwenye chungu zinaungua tena, unazalisha mavi ya pili kutoka kwenye mavi ya kwanza. Panatakiwa chumvi. Chumvi ikiyeyuka inalowesha ile ngozi ya oksaidi na kuibandua, matone yanaungana na kuzama, na juu inabaki blanketi linalozuia hewa.

Chumvi ya kawaida peke yake haiyeyuki mpaka nyuzi 801. Kloridi ya potasi, ile inayouzwa madukani kama mbolea ya MOP, inataka 770. Ukizichanganya karibu sawa kwa sawa, potasi ikizidi kidogo, zote mbili zinayeyuka kwenye 657 hivi, chini kidogo tu ya alumini yenyewe. Nilipolieleza hilo Babu alinitazama kama niliyemuuzia dawa ya mapenzi. Tulipochanganya na kuwasha, akasogea, akachungulia chunguni, akasema, "Mwanangu, inatiririka kama mafuta ya taa."

Viwanda vikubwa huongeza na chumvi za floraidi ili ngozi itoke upesi zaidi. Tumeamua kuacha. Moshi wake hatuwezi kuusimamia chini ya paa la bati.

Chungu chetu ni mtungi wa gesi uliokatwa, na hapo tulikosea: chuma huyeyuka kidogo kidogo ndani ya alumini na kuifanya ivunjike kama biskuti. Babu ameupaka ndani udongo na chokaa, tabaka mbili, ukakauka juani siku nzima. Mikuo ya leo, yaani vipande vya alumini tulivyomimina, inapinda bila kupasuka.

Pipa la kwanza limetoa mikuo ya kilo 29. Mtengeneza sufuria wa jirani amezichukua zote kabla hazijapoa vizuri.

21 Februari

Mapipa sita yamepita. Dada amepiga hesabu: kilo moja ya mkuo inatulipa gharama ya kununua kilo kumi na mbili za mavi. Ikisikika hivyo ni utajiri. Toa oili chafu ya kuwashia tanuri, toa chumvi, toa umeme wa feni, toa barakoa, kodi ya banda na bajaji ya kubebea mapipa. Kinachobaki kinatulisha, lakini tanuri la pili bado ni ndoto.

Na kilo 700 za unga zinasubiri ukutani. Tumeuhamisha uchafu kutoka Msimbazi tukauleta kwetu, tena kwa kulipia. Unga usipopata mnunuzi, sisi ni dampo lenye mizani.

10 Machi

Jaribio la matofali ya saruji. Unga sehemu moja, mchanga nne, saruji moja. Tulifyatua thelathini saa nne asubuhi, tukayafunika turubai, tukaenda kula.

Tuliporudi yalikuwa yameumuka kama maandazi, mengine yamefurika kutoka kwenye fremu na yana vitundu vitundu. Banda zima lilinuka choo cha stendi.

Nililiona kosa langu palepale, na ninaliandika hapa ili niaibike vizuri. Saruji mbichi ni alikali, kama ile kostiki ya kwenye chupa yangu. Asilimia 15 ya metali iliyokuwa kwenye unga ilikutana nayo na kutoa haidrojeni, na gesi ikaumua tofali kama hamira. Si jambo geni hata kidogo. Wasweden wamekuwa wakitengeneza zege jepesi namna hiyo tangu miaka ya 1920, wakitia unga wa alumini makusudi kwa kipimo cha kitone. Sisi tulitia kwa koleo.

Harufu ilikuwa amonia. Alumini ikiungua hewani haishiki oksijeni peke yake, inashika na naitrojeni, na kile kinachozaliwa, naitraidi, kikiguswa na maji hutoa amonia. Wenzetu wa mtaa wa pili wamekuja kuuliza kama tunafuga popo.

28 Machi

Mvua za masika zimeanza, na leo ninaandika mikono ikitetemeka kidogo.

Usiku wa kuamkia jana ilinyesha kwa nguvu. Bati moja lilikuwa limeinuka kwenye kona, tulijua, tukasema tutalipigia msumari Jumamosi. Maji yakadondokea kwenye pipa la unga lililofunikwa nusunusu. Saa kumi na moja alfajiri mlinzi akanipigia: "Kaka, pipa lako linatokota."

Nilifika nikalikuta likitoa mvuke, ubavu wake wa moto kiasi kwamba huwezi kuuwekea kiganja, na amonia imejaa banda zima. Jirani mmoja wa kiwanda cha jirani, mtu mwema kabisa, alikuwa ameshafika na ndoo ya maji mkononi. Nilipiga kelele ambayo sijapiga tangu utotoni. Maji ndiyo yaliyoliwasha, ukiongeza maji unaongeza haidrojeni, na banda lilikuwa limefungwa. Tulifungua mlango na madirisha yote, tukazima umeme kwenye swichi kuu ya nje bila kuwasha hata taa, kijana akaleta mchanga mkavu tuliokuwa tumeuweka kwa ajili ya matofali, tukaumwagia juu taratibu kwa chepe. Babu alisimama upande upepo unakotoka akituita mmoja mmoja tutoke kupumua. Ilipofika saa tatu lilikuwa vuguvugu tu.

Hakuna aliyeumia. Macho yaliwasha kutwa nzima. Yule jirani nimemfuata nikamwomba radhi kwa kumfokea, akaniambia, "Shemeji, siku nyingine bandika tangazo." Amesema kweli. Leo limebandikwa, kwa herufi nyekundu: USITIE MAJI. MCHANGA MKAVU TU.

Bati limepigwa msumari. Mapipa yote yamewekwa juu ya vichanja, sentimita ishirini kutoka chini. Kanuni mpya: hatulazi bandani unga mkavu zaidi ya pipa mbili.

16 Aprili

Baada ya usiku ule nililifikiria lile pipa siku tatu, nikafika mahali ambapo nilitakiwa kufika Januari. Kama unga lazima ukutane na maji siku moja, kwenye saruji, kwenye mvua, kwenye shimo la barabara, basi bora ukutane nayo kwa masharti yetu. Uoshwe kwanza. Utoe gesi zake zote nje, mahali pa wazi, umalize hasira. Utakaobaki ndio tutautafutia soko.

Tumejenga mabirika matatu ya tofali na saruji, uani, yenye kivuli cha makuti kinachopitisha hewa. Unga unaingia kidogo kidogo kwenye maji mengi, ndoo moja kwa pipa tatu za maji, unakorogwa kwa mwiko mrefu asubuhi na jioni. Siku ya kwanza unachemka kwa mapovu. Siku ya nne mapovu yanapungua. Siku ya tisa harufu imeisha na kipimo changu cha chupa kinasoma karibu sifuri.

Dada alilalamika juu ya unene wa kuta za birika, saruji imekwenda nyingi. Nikamsimulia Ajka, kule Hungaria. Tarehe 4 Oktoba 2010 ukuta wa bwawa la tope jekundu, masalia ya kuchenjua boksiti, madini yanayotoa alumini, ulibomoka, tope lenye alikali kali likaingia vijijini, watu 10 wakafa. Birika letu ni dogo kama kisima cha mbuzi, lakini chini yake kuna nyumba za watu na chini ya nyumba kuna mto. Hakusema tena neno. Ila kwenye daftari ameandika "kuta za Hungaria" mbele ya kiasi cha fedha.

Wakati huo huo nimekamilisha karatasi: usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa sheria ya kemikali ya 2003, na maombi kwa NEMC, baraza la serikali la mazingira, ya kushughulikia taka hatarishi. Foleni, mihuri, picha za pasipoti. Sina la kusimulia hapo.

20 Aprili

Shabu. Hili lilikuwa wazo langu la fahari, nalo limenishusha.

Mitambo ya maji hutumia salfeti ya alumini kukusanya tope lizame, na bibi zetu walizungusha kipande cha shabu kwenye mtungi kwa kazi ileile. Unga wetu uliooshwa umejaa alumini, tindikali ya salfuriki inapatikana, basi shabu itapatikana. Hivyo ndivyo nilivyowaahidi wenzangu.

Tumepata, lakini nusu ya nilichoahidi. Ile sehemu iliyotokana na metali na naitraidi, ambayo maji yaliigeuza kuwa haidroksaidi, inayeyuka vizuri kwenye tindikali. Ile oksaidi iliyopikwa kwenye tanuri haigusiki. Imegeuka kuwa jiwe, lilelile la kwenye msasa, na lilelile la rubi ya Longido, ila ya kwetu haina ile kromiamu kidogo inayotia wekundu. Siku mbili ndani ya tindikali ya moto, imekaa tu kama haijaambiwa kitu.

Ndoo ya maji ya Msimbazi tuliyoitia shabu yetu ilitakata kwa dakika ishirini, ukaona sarafu chini. Kijana alitaka kuionja. Nikaimwaga. Chakavu tunachonunua kina rangi za zamani, solda, zinki, na Mungu anajua nini kingine. Shabu ya maji ya kunywa inataka kipimo cha risasi na wenzake kwa kila mkupuo, na sisi tuna chupa na beseni. Mwenye kiosha magari mmoja amekubali kuinunua kwa kutuliza tope la maji machafu kabla hayajaingia mtaroni. Lita ishirini kwa wiki. Ndiyo soko lote la shabu, na nimelikubali bila ubishi.

7 Mei

Babu ndiye aliyetutoa, bila kutumia kemia yoyote.

Tulikuwa tumekaa kwenye tanuri la jirani, ukuta wake umeliwa, wanaupaka udongo kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Babu akauliza, "Hii jiwe yako isiyoyeyuka hata kwa tindikali, kwa nini tusiijengee tanuri?"

Nilinyamaza kwa muda. Mara nyingine mtu anashika kitu mkononi anakitafuta chini ya kitanda.

Matofali ya moto ni udongo na alumina, yaani ileile oksaidi ya alumini. Udongo mzuri wa kazi hiyo hauko mbali: kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe wa vilima vya Kisarawe. Kaolini ina silika nyingi kuliko alumina. Ukiiongezea alumina na kuichoma kwa moto mkali, viwili hivyo hushikana na kuzaa mulaiti, fuwele ndefu zinazofumana kama ukili wa mkeka, na hizo ndizo zinazolifanya tofali lisipasuke likipigwa moto na kupoa, moto na kupoa. Kinachohitajika ni alumina tu, na alumina tumeipanga ukutani kwa magunia.

15 Mei

Mkupuo wa kwanza wa matofali ya moto: arobaini na nane yameingia kwenye joko, kumi na moja yametoka mazima. Mengine yamepasuka, na matatu yameyeyuka kwenye kingo kama sabuni. Sababu ni chumvi. Unga wa mapipa ya mwisho ulitoka kwa fundi anayetia chumvi kwa viganja, na birika moja halikutosha kuiosha. Chumvi kwenye joko inashusha kiwango cha kuyeyuka cha udongo. Sasa tunaosha maji matatu, na maji ya tatu lazima yasiache weupe yakikaushwa kwenye kijiko.

Maji ya kwanza yana chumvi nyingi, na kuyamwaga mtoni ni kurudi tulikotoka. Tumeyahifadhi kwenye matangi. Masika yakiisha tutayaanika kwenye sinia pana juani, kama wanavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, na chumvi itarudi kwenye chungu cha kuyeyushia. Dada amesema chumvi hiyo itiwe rangi ya bluu kabla mtu hajaibeba nyumbani kwenda kukaangia samaki. Tutaitia.

22 Mei

Mkupuo wa tatu. Unga uliooshwa sehemu mbili, kaolini mbili, chamvi moja, yaani matofali yaliyovunjika tukayasaga tena. Joko letu la oili chafu linafika nyuzi 1,200 siku likiwa na moyo, kwa hiyo mulaiti inaanza tu, haikomai. Kwa tanuri la alumini inatosha. Arobaini na moja kati ya arobaini na nane yametoka mazima, yana mlio ukiyagonga. Kumi na mbili tumeyapeleka kwa jirani wa ndoo ya maji, bure, ajenge nayo mdomo wa tanuri lake, mahali moto unapopiga zaidi. Matofali mengine, kabla ya kuyachoma, tumeyatilia maranda ya mbao ili yawe mepesi, kwa ajili ya majiko ya mkaa.

2 Juni

Nimekaa siku mbili kwenye tanuri la mtu mwingine nikitazama mavi yanavyozaliwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tuanze. Tulikuwa tukiyapokea yamepoa, kama anayenunua samaki mkavu bila kujua bahari.

Yakitoka tu chunguni ni mekundu ya giza. Fundi anayamwaga kwenye lundo. Dakika mbili, tatu, badala ya kupoa yanang'aa zaidi, yanakuwa meupe. Alumini iliyomo ndani inaungua yenyewe, na joto lake linaiunguza iliyo kando. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kila kilo ya alumini ikigeuka oksaidi inakuwa karibu kilo 1.9, maana inabeba oksijeni ya hewani. Nasi tunanunua kwa kilo. Miezi mitano tumekuwa tukilipia hewa, tena hewa iliyokula metali yetu.

Babu alichukua karai la chuma nene, akalitoboa tundu tano chini, akaliweka juu ya sinia ya kumiminia, akachomelea mpini kwenye diski ya zamani ya breki ya lori. Mavi yanamiminwa kwenye karai yakiwa mekundu, unayakandamiza kwa diski. Matone yanashuka kwenye tundu, yanaganda chini. Yaliyobaki juu yamekosa hewa na yamegusa chuma chenye joto dogo kuliko yenyewe, yanapoa kabla hayajang'aa. Karai na sinia vinapashwa moto kwanza vikauke kabisa. Tone la maji chini ya alumini iliyoyeyuka ni bomu.

Jana bila karai: mavi kilo 14. Leo, kazi ileile, chakavu kilekile, karai likiwepo: mavi kilo 9, na kwenye sinia metali kilo 4 na robo.

19 Juni

Tumejipalia makaa. Mafundi wanne wana makarai sasa, na mavi wanayotuuzia yamekauka metali. Pipa la wiki hii limetoa mikuo ya kilo 11 tu. Kijana ameuliza waziwazi, "Kwa nini tuliwaonyesha?"

Tumejadiliana mpaka magharibi. Dada ndiye aliyekuwa na namba. Metali inayookolewa kwenye karai haihitaji kinu, haihitaji chumvi wala oili yetu. Fundi anatugawia moja ya tano ya anachopata kwenye sinia, kama kodi ya karai, na moja ya tano hiyo kwa mafundi wanne ni kilo nyingi kuliko tulizokuwa tukizikamua kwenye pipa kwa jasho. Na unga wenye metali kidogo unaoshwa kwa siku tano badala ya tisa, mapovu kidogo, amonia kidogo. Kwa kazi ya matofali ni bora zaidi.

Kwa hiyo kinu kimekwenda pembeni. Sina hakika kijana ameridhika. Alikuwa amekipenda.

Nilimsimulia haya jamaa yangu aliyeko Sohar, Oman, kwenye mji wenye kiyeyushio kikubwa cha alumini kilichoanza kuzalisha 2008. Akaniambia kwao hata vitako chakavu vya vyungu vya umeme vya kutengenezea alumini, vyenye floraidi na sayanidi, vina hesabu yake. Kisha akaniuliza nimeajiri watu wangapi. Nikabadilisha mazungumzo.

11 Julai

Chumvi ya bluu imekauka, kilo 38. Imeyeyuka vizuri, ila inatoa moshi kidogo mwanzoni, nadhani ni unyevu. Itaanikwa siku moja zaidi.

Majiko ishirini yenye bitana ya matofali mepesi yamekwenda sokoni Buguruni. Yamebaki manane. Wanunuzi wanalalamika kwamba jiko ni zito kuliko la udongo, ingawa wanakubali kwamba linakaa na moto. Maranda yaongezwe.

Yale matofali ya saruji tumeyarudia, safari hii ya paving, na unga uliooshwa kabisa. Hakuna lililoumuka. Yatauzwa ya kupangwa chini tu, kamwe si ya kujengea palipo na nondo, kwa sababu chumvi iliyobaki hata kidogo huila nondo kwa ndani, ukaja kuigundua ukuta umeshapasuka.

Jirani wa ndoo ya maji amepita jioni. Mdomo wa tanuri lake una siku hamsini na haujapakwa udongo hata mara moja. Zamani alipaka kila siku kumi. Kuna ufa mmoja kwenye tofali la kushoto, amesema, upana wa ukucha. Anataka mia mbili, lakini anataka kwanza nikaone ule ufa mwenyewe tanuri likiwa baridi. Jumapili hawawashi. Nitakwenda asubuhi, na Babu amesema anakuja na nyundo yake.